Mzimu si kila kiumbe cha porini

Tulikuwa tumekaa chini ya mbuyu kando ya barabara ya Kondoa, tunamsubiri fundi azibe pancha, mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, vile viumbe vya kwenye katuni vinavyoishi ndani ya miti, ndiyo mizimu?" Nikamjibu ndiyo, upesi upesi, kama tunavyowajibu watoto tukiwa na njaa. Baadaye nikaona nimemdanganya.

Mzimu katika Kiswahili ni roho ya aliyekufa, hasa mzee wa ukoo. Ni pia mahali roho hiyo inapoaminika kukaa: pango, mwamba, mti mkubwa, kichaka kisichofyekwa. Aliyekwenda mzimuni kaenda mahali panapojulikana, panapofikika kwa miguu, na anayekwenda kumwomba anamjua kwa nasaba. Sarufi nayo ina lake la kusema: mzimu huu, mizimu hii, kama mti huu, mlima huu. Neno limewekwa kundi moja na miti na milima, wala si na watu.

Ukilitazama vizuri utaona ndugu zake wametapakaa. Kuzimu ni waliko wafu. Wazimu tunaujua sote. Zimwi nalo ni la shina hilo hilo, ila limepotelea kwenye hadithi: jitu linalokula watu, lisilo na ukoo wala kaburi. Hakuna anayekwenda kuliomba zimwi mvua, ingawa methali inasema likujualo halikuli likakwisha. Jini na shetani ni wageni waliokuja na Kiarabu. Pepo humpanda mtu kichwani, na mzuka huzuka tu mbele yako njiani usiku. (Kijana wa mjini akikwambia ana mzuka, usikimbie, ana hamasa.)

Sasa tuje Dodoma, maana huku msitu mnene wa kwenye katuni ni nadra. Tuna pori: migunga, miiba, mibuyu, na miamba iliyobebana. Mvua ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Ikichelewa wiki tatu, mtama unakaukia shambani. Ndiyo maana wahenga wa huku huombwa mvua kabla ya jambo lingine. Wagogo huziita roho hizo milungu, na zamani mtemi ndiye aliyekuwa akitunza mawe ya mvua.

Kule Kolo, wilayani Kondoa, michoro ya miambani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mgeni akifika kwenye mwamba wa Mongomi anaona twiga na watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, anapiga picha, anashuka. Wenyeji, wao, bado wanapanda pale kufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Mwamba ni ule ule, lakini mmoja amekwenda kutazama na mwingine amekwenda kuzungumza. Ukitaka kuelewa mzimu ni nini, anzia hapo.

Viumbe wa msituni wa wenzetu wana kazi nyingine. Warusi wana Leshy, mwenye msitu, anayeweza kurefuka kama mti au kujikunja akalingana na nyasi. Hupoteza watu njia, na dawa yake ni kugeuza nguo nje ndani na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Wagiriki wa kale walikuwa na hamadriadi, binti aliyefungamana na mti wake: ukiukata, naye anakufa. Waashanti wa Ghana wana Sasabonsam, mwenye meno ya chuma, anayening'iniza miguu juu ya mti akimsubiri apitaye chini. Wa Brazil ndiye ninayempenda. Curupira, ambaye padre José de Anchieta alimtaja kwa maandishi mwaka 1560, nyayo zake zimegeukia nyuma. Mwindaji anayeua kupita kiasi akimfuata, anazidi kujipoteza.

Viumbe hawa wote wanalinda au wanatisha, lakini hakuna aliye babu wa mtu. Leshy hana wajukuu wa kumletea pombe ya mtama. Kwa hiyo ukimwita mzimu, umempa ukoo asiokuwa nao; mwite pepo wa msituni, au mwache na jina lake. Wanaokaribiana nasi ni Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambao kaya zao, misitu ya wazee wao, ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, kwa maneno machache kidogo, akainua macho kwenye matawi. "Kwa hiyo huu mbuyu una mzimu?"

Fundi ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa kwenye tairi: "Ule wa kule nyuma ndiyo. Huu tunaegemeza baiskeli."