Risasi isiyo na risasi, na kwa nini inazisumbua bunduki za mababu

Kiswahili kimetutegea hapa, manake neno risasi kwetu ni kile kinachotoka kwenye bunduki na hapohapo ni jina la yale madini mazito ya kijivu, ndio maana tunasema petroli isiyo na risasi. Sasa Ulaya na Marekani wawindaji wa ndege wa majini wanatakiwa kutumia risasi isiyo na risasi, sentensi ambayo ukimwambia mtu wa Tanga atadhani unamchezea akili. Maana yake ni katriji ya shotigani, ile bunduki inayorusha punje nyingi kwa mpigo mmoja, ambayo zile punje ndogo ndani yake, yani marisau, zimetengenezwa kwa madini mengine: chuma, bismuthi, au mchanganyiko wenye tungsteni.

Sababu kubwa ni bata. Bata wa porini humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na kwenye mabwawa yaliyopigwa bunduki miaka nenda rudi anaokota punje za risasi akidhani ni vijiwe, firigisi inazisaga, sumu inaingia kwenye damu na ndege anakufa taratibu bila hata kupigwa. Marekani walikataza marisau ya risasi kwa kuwinda ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, Denmark wakayakataza 1996, England wakafuata 1999 kwa ndege wa majini, Umoja wa Ulaya ukakataza kwenye maeneo oevu yote kuanzia Februari 2023. California ndio wamemaliza kabisa, tangu Julai 2019 uwindaji wote hautumii risasi ya madini hayo.

Shida inakuja kwa mtu mwenye bunduki ya babu. Uingereza ziko nyingi sana, zile za mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, zimetengenezwa London au Birmingham miaka ya 1890 au 1920 na bado zinapiga vizuri tu. Na zilitengenezwa zikiwa na risasi akilini, mpaka kipimo chake chenyewe ni cha risasi: bunduki ya namba 12 maana yake ukichukua ratili moja ya risasi ukaigawa tufe 12 zilizo sawa, upana wa tufe moja ndio upana wa mtutu, kama milimita 18.5.

Watu wengi wanachanganya hofu mbili hapa. Ya kwanza ni presha, ya pili ni ugumu wa punje, na hazina uhusiano wa karibu kama watu wanavyodhani.

Tuanze na ugumu. Chukua punje ya risasi uibane kwa koleo, inabonyea kama ubani uliotafunwa. Punje ya chuma ukiibana hivyohivyo utaumia mkono wewe. Ya bismuthi haibonyei sana wala haikatai, inapasuka vipande. Sasa fikiria mamia ya punje zinatoka kwa kasi halafu zinafika mdomoni mwa mtutu ambako pamebanwa, ule mbano wanauita choki, na choki kali inapunguza upana kama milimita 1 hivi. Risasi inajibonyeza inapita. Chuma hakibonyei, kwa iyo kinachosogea ni mtutu. Unakuta nje karibu na mdomo pametokea pete, kivimbe kidogo ambacho jicho linaweza kukikosa lakini ukipitisha kidole polepole, au ukiangalia mwanga unavyoteleza juu ya chuma, unakiona. Mara nyingi bunduki hailipuki, inavimba tu, na kwenye mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu uvimbe huo unaweza kuachanisha maungio. Ndio maana ushauri wa kawaida ni chuma kisipitishwe kwenye choki iliyozidi nusu, yani nusu ya mbano wa ile choki kali. Na punje za chuma lazima zikae ndani ya kikombe kigumu, mara nyingi cha plastiki, ili zisikwaruze ukuta wa mtutu njia nzima.

Halafu presha. Chuma ni chepesi, sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.9 wakati risasi ina 11.3, kwa iyo kinaishiwa nguvu haraka hewani. Dawa yake ni kutumia punje kubwa zaidi, kawaida saizi mbili juu, na kuzisukuma kwa kasi. Hapo ndipo zikatokea katriji za chuma za aina mbili: za kawaida, ambazo kwa namba 12 kikomo chake cha presha Ulaya ni bari 740, na zile kali za bari 1050. Hizo kali ni za bunduki iliyojaribiwa maalumu na kugongwa alama ya ua la yungiyungi, bunduki ya babu haina alama hiyo, kwa iyo hapo hakuna mjadala.

Kuna mtego mwingine naupenda kwa ubaya wake. Bunduki nyingi za zamani zina chemba, yani sehemu ya nyuma ya mtutu inayokaa katriji, ya milimita 65. Katriji iliyoandikwa 70 inaingia humo bila shida yoyote, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likishafunguka, kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua, ule mkunjo unafunguka pasipo na nafasi, njia inabana na presha inapanda. Yani kuingia kwake hakuthibitishi chochote! Siku hizi za chuma zenye urefu wa 65 zipo, unanunua hizo.

Kwa iyo umri wenyewe hausemi kitu, kinachosema ni alama zilizogongwa chini ya mitutu na vipimo vya leo. Ukikuta NP au maneno NITRO PROOF, ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, na kama choki ni legevu na ukuta wa mtutu haujaliwa, fundi anaweza kuiruhusu chuma cha kawaida. Ukikuta ni ya baruti nyeusi tu, mfano mingi ya ile mitutu ya Damaski iliyosokotwa kwa vipande vya chuma mpaka inaonekana kama mkeka, chuma weka mbali, na hata hizo katriji nyingine za kisasa usiweke.

Wenye bunduki za thamani wengi wanakimbilia bismuthi, ambayo ina gramu 9.6 hivi kwa sentimita ya ujazo na inapita kwenye choki karibu kama risasi, ila bei yake ni mara kadhaa ya chuma, mtu anafyatua huku anahesabu. Wengine wanampelekea fundi aikwangue choki mpaka ifike nusu. Inawezekana, ila mbano ukishakwanguliwa haurudi, na atakayeinunua bunduki hiyo baadaye hatajua mpaka aweke kipimo mdomoni.