AC Haili Gesi

Kaskazi ikianza na jua la Dar es Salaam kukaa utosini, maneno ni yale yale: "Fundi, AC ya gari haipozi, niongezee gesi." Mwingine anaongeza: "Nilijaza mwaka jana, naona imeisha." Imeisha kwenda wapi? Petroli inaungua, breki pedi zinalika, lakini gesi ya AC inazunguka tu. Inatoka kwenye kompresa (pampu inayoikandamiza), inapita kondensa (inapotupa joto nje), valvu na evapoleta (inapopoza hewa ya ndani), inarudi ilikotoka. Ikipungua, imevuja, na palipovuja jana patavuja na kesho.

Nisiwe mkali kupita haki: mfumo usiovuja hata chembe haupo. Hozi za mpira hupitisha kidogo, na sili ya shafti ya kompresa huchoka. Gari la miaka 12 kupungukiwa polepole, hilo naelewa. Kujaza kila miezi miwili, hapana. Katikati ya hapo, yaani AC inayolegea baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, mafundi tunabahatisha. Unaweza kutafuta tundu siku nzima usilione.

Halafu mara nyingi kosa si la gesi kabisa. Barabarani inapoza, ukikwama kwenye foleni inaleta joto? Shuku feni ya kondensa kwanza, au kondensa yenyewe iliyojaa vumbi na matope. Washa AC gari likiwa limesimama, fungua boneti, utazame kama feni inazunguka. Kondensa ioshwe kwa maji ya presha ndogo. Ile mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza vibati vyake vyembamba na upepo haupiti tena. Upepo wa ndani ni hafifu hata kwenye namba ya mwisho? Angalia filta ya kabini, kwa Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Maji yanayodondoka chini ya gari ni jasho la evapoleta, yaache. Yakilowesha kapeti, mpira wa kutolea maji umeziba.

Sasa panaponichoma. Fundi anachomeka geji ya presha gari likiwa limezimwa, mshale unasoma karibu psi 100 (psi ni kipimo cha presha), anatangaza kwamba gesi ipo ya kutosha. Amejuaje? R134a, yaani gesi yenyewe ya AC, ikiwa imetulia, maadamu ndani kumebaki hata kimiminika kidogo, presha yake inafuata joto, haifuati wingi. Kwenye nyuzi 30 ni takriban psi 97, iwe ndani kuna gramu 450 au 200. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia: presha haibadiliki sana mpaka unakaribia kwisha, ndiyo maana tunaununua kwa kilo.

Injini ikiwaka geji inaanza kusema, ila kwa mafumbo. Siku ya nyuzi 32, injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, natarajia psi 30 hadi 45 upande wa presha ya chini na 200 hadi 250 upande wa presha ya juu. Pande zote mbili zikisoma chini, huenda gesi ni pungufu. Zote zikipanda, basi gesi imezidi, au kondensa ni chafu, au feni imekufa, au kuna hewa ndani. Majibu manne kwa dalili moja! Na mtu anakata shauri kwa geji peke yake, mkono kwenye koki.

Stika iliyo chini ya boneti inataja gramu. Haitaji psi. Gari dogo mara nyingi huwa kati ya gramu 350 na 500, lakini soma stika, usiamini kichwa changu wala cha fundi wako. Ukizidisha gramu 100 kwenye gari la namna hiyo, kimiminika kinarundikana ndani ya kondensa, nafasi ya mvuke kupoa inapungua, presha ya juu inapanda, kompresa inaelemewa, na ikizidi sana swichi ya presha inakata. Mwenye gari anahisi joto, anarudi: "Ongeza tena kidogo."

Kazi yenyewe ni hivi. Gesi iliyobaki inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani. R134a haitoboi ozoni, ila gramu 450 zinapasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 600 za kaboni dioksaidi. Makubaliano ya kupunguza gesi za aina hii yalipitishwa hapo jirani tu, Kigali, mwaka 2016. Tafuta maungio yenye mafuta yaliyoshika vumbi, kwa sababu gesi ikitoka hubeba oili. Jaza nitrojeni kavu hadi psi 150, pitisha povu la sabuni kila kiungo. Upepo wa kujazia matairi una maji, usikubali. Evapoleta imejificha ndani ya dashibodi, sabuni haifiki. Hapo kuna kifaa cha kunusa gesi, nacho huwa kinadanganya.

Badilisha oringi, zile pete za mpira za kuziba viungo, zipake oili kabla ya kufunga. Vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, dakika 30 hadi 45, kisha funga koki usubiri dakika 15 mshale usisogee. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na maji yakibaki ndani yanaganda kwenye valvu: AC inapoza, inakata, ukiizima kidogo inarudi. Baadaye yanazaa asidi inayokula chuma. Vakyumu ya dakika tano ni maigizo. Mwisho kabisa ndipo gesi, kwa mzani.

Wenye haibridi (magari ya petroli na umeme) kama Toyota Aqua, nyinyi mna jambo la ziada. Kompresa yenu inaendeshwa na umeme wa volti nyingi na inatumia oili ya POE, ile ND-OIL 11. Oili ya PAG ya magari ya kawaida inadhoofisha kinga ya umeme ndani ya kompresa, na hata mabaki yaliyomo kwenye hozi za geji yanaweza kuleta balaa. Muulize fundi kama ana geji za haibridi pekee. Akikujibu oili zote ni moja, funga boneti uondoke.