Pampu zilizimwa Ijumaa, ardhi ikatikisika Jumatatu

Tarehe 26 Agosti 2019, saa mbili na nusu asubuhi, wakazi wa Blackpool na vijiji vya jirani huko Lancashire, Uingereza, walitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 2.9. Kwa sisi tunaoshinda tukisoma mistari ya vipima mitetemo, hilo ni dogo. Kilichonikaa kichwani ni kwamba kwenye kisima cha gesi cha Preston New Road, hapo hapo jirani, pampu zinazosukuma maji chini kwa presha kupasua mwamba ili gesi itoke, zilikuwa kimya tangu Ijumaa. Jumamosi usiku lilikuja la 2.1, na Jumatatu hilo.

Wengi hudhani maji yanayosukumwa chini hulainisha mwamba, kama mafuta kwenye bawaba, ukateleza. Sivyo. Chukua gunia la mahindi la kilo 90 juu ya sakafu ya saruji, ulivute. Haliendi. Sasa mwenzako alinyanyue kidogo tu, lisiachane na sakafu, nawe uvute kwa nguvu zilezile. Hilo linakwenda! Sakafu ni kavu vilevile. Kilichopungua ni uzito unaoikandamiza. Presha ya maji hufanya hivyo ndani ya ufa wa kale: husukuma kuta zake mbili ziachane, na mkazo uliojilimbikiza ardhini miaka na mikaka ukapata upenyo. Maji hayaleti nguvu za tetemeko, yanazifungulia mlango.

Na presha hiyo haina swichi. Ukizima pampu, huendelea kupenya polepole. Kule Denver, Marekani, jeshi lilianza mwaka 1962 kumwaga majitaka ya kiwanda cha silaha za kemikali katika kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600. Likaacha Februari 1966. Matetemeko makubwa kuliko yote yakaja 1967.

Ndiyo maana sikuwahi kuuamini sana mfumo wa Waingereza wa "taa za barabarani": mtetemo ukifika 0.5, taa nyekundu, simamisheni pampu, subirini saa 18. Mtetemo wa 0.5 hakuna anayeusikia, na wachimbaji walilalamika kwamba wanabanwa bure. Lakini kutoka 0.5 hadi 2.9 nishati huongezeka mara 4,000 hivi, na taa inayowaka baada ya presha kushaingia kwenye ufa haiwezi kuitoa.

Novemba mwaka huohuo serikali ilisitisha upasuaji huo wa mwamba England. Septemba 2022 ikauruhusu tena; Oktoba, chini ya waziri mkuu mwingine, ikaurudisha kifungoni.