Vumbi la saiti: maswali ya mafundi wa Arusha na Moshi

Vumbi tumelizoea. La saiti lina ubaya gani?

Vumbi la barabarani linakera, ila punje zake nyingi ni kubwa, hunaswa puani na kooni. Grenda inapokata zege au marumaru husaga silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe, kuwa chembe ndogo kuliko maikroni 10 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zisizoonekana kwa macho. Hizo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ndiyo silikosisi: haiponi, na mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, ingawa vumbi likizidi huja mapema.

Saidia fundi akimwagia maji kwa kopo wakati wa kukata ili vumbi lisiruke, inatosha?

Hapana. Maji ya kopo huja kwa vipindi, na vumbi huruka katikati ya vipindi hivyo. Mashine ya kukatia zege yenye bomba lake inahitaji angalau nusu lita kwa dakika, mfululizo, yakilengwa pale diski inapogusa. Ndoo ya lita 20 ni kama dakika 40 za kukata.

Grenda ya kawaida ya umeme usiimwagie maji kabisa. Yakiingia kwenye mota, utapigwa shoti. Kwa marumaru kuna njia rahisi ambayo mafundi wengi huidharau: mashine ya mkono, unachora mstari kisha unavunja. Vumbi ni dogo mno. Mikato ya kona ndiyo ipelekwe kwenye mashine ya meza yenye trei ya maji. Tope lizolewe likiwa bichi, maana likikauka ni vumbi lilelile.

Na kufagia?

Nyunyiza maji kwanza. Usipulize nguo kwa kompresa.

Barakoa ya kitambaa?

Haizuii chembe hizi. Vaa barakoa ya kuchuja chembe iliyoandikwa N95 au FFP2: mkanda mmoja nyuma ya kichwa, juu zaidi ya masikio, mwingine shingoni, kisha bana kibati cha puani kwa vidole viwili. Wengi huacha mkanda wa chini ukining'inia, hewa ikapita kidevuni. Ndevu nazo huacha upenyo. Kununua barakoa ni jukumu la mwajiri, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003.

Kikohozi hakiishi, niende wapi?

Anza kituo cha afya kilicho karibu, upimwe makohozi na upigwe eksirei. Wanaweza kukupa rufaa kwenda Kibong'oto, Siha, hospitali iliyobobea kwenye kifua kikuu. Taja kazi yako na miaka uliyoifanya hata usipoulizwa. Silika huongeza hatari ya kifua kikuu, na kwenye eksirei magonjwa haya mawili yanaweza kufanana, kwa hiyo daktari asiyejua unakata zege anaweza kutibu moja tu.