"Ajali haina kinga" na dhana nyingine potofu kuhusu hiari na lawama

Dar es Salaam mtu akigongwa na bodaboda, maneno huja yenyewe. Dereva atasema ajali haina kinga. Jirani msibani atasema siku yake ilikuwa imefika. Kesi ikifika mahakamani, huenda tukaambiwa shetani alimpitia. Maneno haya yana huruma ndani yake na sitaki kuyabeza, maana mfiwa anahitaji kushikwa mkono. Lakini tanga likishaondolewa, wale wale waliosema siku imefika ndio wanaomdai dereva gharama za hospitali, na akizima simu wanamwita muuaji. Tunaamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu hakuwa na uwezo juu ya lililotokea, na kwamba anapaswa kulijibia.

Wanafalsafa wamelibishania suala hili la hiari, yaani uwezo wa mtu kuchagua mwenyewe atendalo, na uwajibikaji kwa zaidi ya miaka 2,000, na bado hawajamaliza. Hata hivyo, yapo mambo yanayosemwa kila siku vijiweni, kwenye mahubiri na kwenye video fupi za simu ambayo wabishani wenyewe, karibu wote, wangekwambia siyo. Nachukua yale ninayoyasikia zaidi mjini hapa.

"Limeandikwa, basi hakuna wa kulaumiwa"

Hapa vitu viwili vimechanganywa. Kimoja ni kudhani jambo litatokea tu, ufanye usifanye. Kingine ni kwamba jambo hutokea kupitia sababu zake, na matendo yako ni sehemu ya sababu hizo. Unaweza kukubali hiki cha pili bila kukubali kile cha kwanza. Chrysippus, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliwakuta watu wanaosema: kama nimeandikiwa kupona nitapona, nimwite tabibu nisimwite. Aliwajibu kwamba aliyeandikiwa kupona huenda ameandikiwa pia kumwita tabibu, na vyote viwili vinakwenda pamoja.

Ndani ya Uislamu mjadala huu ni wa tangu karne za mwanzo. Kundi la Jabriyya lilisema mja hana uchaguzi. Kundi la Mu'tazila lilishikilia kwamba uadilifu wa Mungu unataka mtu awe mtendaji wa kweli wa vitendo vyake. Mwanatheolojia al-Ash'ari, aliyefariki karibu mwaka 936, alisema Mungu ndiye anayeliumba tendo na mja ndiye anayelichuma, na kwa kulichuma huko anawajibika. Kabla ya wote hao kuna kisa cha khalifa Umar bin al-Khattab alipokuwa njiani kuelekea Sham, yaani eneo la Syria, akapata habari kwamba huko kuna tauni, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akamuuliza: ukiwa na ngamia kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote utakapowachunga si utakuwa umewachunga kwa kadari Yake? Kisa hiki kimo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Anayesema "imeandikwa" huku anaendesha gari lisilo na breki hajakisoma.

Wakristo nao wanayo ya kwao. Mwanazuoni Erasmus aliandika kuitetea hiari mwaka 1524, na Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, akamjibu mwaka uliofuata kwa kuikana. Lakini alichokikana Luther ni uwezo wa mtu kujiokoa mwenyewe. Katika mambo ya mali yake na nyumba yake, alikubali kwamba mtu huchagua.

"Sayansi imethibitisha kwamba ubongo huamua kabla yako"

Hii ndiyo dhana ya vijana, na inatoka kwenye jaribio la kweli. Mwaka 1983 mwanasayansi wa ubongo Benjamin Libet na wenzake huko California waliwaweka watu mbele ya saa yenye nukta inayozunguka haraka, wakiwa wamebandikwa vinasa umeme kichwani. Kila mmoja aliambiwa akunje kiganja au kidole wakati wowote atakaojisikia, kisha aseme nukta ilikuwa wapi alipohisi kwa mara ya kwanza kwamba anataka kukikunja. Umeme wa ubongo ulianza kupanda kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea. Hisia ya kutaka iliripotiwa takriban sehemu ya tano ya sekunde tu kabla. Wengi wakahitimisha kwamba ubongo ulishaamua na mwenye ubongo akaarifiwa baadaye.

Libet mwenyewe alikubali kwamba ubongo huanza kwanza, lakini hakuifuta hiari. Alisema katika kile kipande kidogo kilichobaki mtu bado anaweza kulizuia tendo. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake wakaonyesha kwamba huenda hakuna uamuzi wowote kwenye ule mpando. Umeme wa ubongo hupanda na kushuka wenyewe muda wote. Mtu asiyekuwa na sababu ya kukunja kidole sasa badala ya baadaye huelekea kukikunja pale mpando wa bahati unapofika juu, na ukipanga rekodi zote kwa kurudi nyuma kuanzia pale kidole kilipokunjwa, lazima utauona mlima. Ziko pia tafiti za mwaka 2008 zinazosemwa kwamba zilitabiri uamuzi sekunde kadhaa kabla. Zilipatia karibu mara 60 kati ya 100, na kwa kubahatisha tu ungepata 50.

Tena, kukunja kidole bila sababu siyo tunachogombana nacho mtaani. Tunagombana juu ya aliyekula pesa za kikoba, aliyemtelekeza mtoto, aliyepokea rushwa. Mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake waliwapa watu uchaguzi wenye uzito, pesa ziende kwa shirika gani la hisani, na ule mpando wa Libet haukuonekana kama ulivyoonekana kwenye uchaguzi usio na maana. Sayansi ya ubongo inatufundisha mengi, lakini hili la kutufutia uamuzi haijalifikia.

"Asiyekuwa na njia nyingine hana kosa"

Inasikika kama kweli tupu, na ndiyo maana mwanafalsafa Harry Frankfurt alipoipinga mwaka 1969 aliwashtua watu. Mfano ninaoutoa hapa ni wangu, lakini muundo ni wake. Karani wa duka Kariakoo amedhamiria kuiba mauzo ya siku. Nje amejificha mtu mwenye bastola ambaye, akimwona karani anasita tu, ataingia amlazimishe. Karani hajui, hasiti, anaiba kwa tamaa zake. Hakuwa na mwisho mwingine, kwa sababu pesa zingeibwa kwa vyovyote. Je, tumwachie? Wengi wetu hatutamwachia, kwa sababu yule mwenye bastola hakuhusika kabisa na sababu iliyomfanya karani aibe.

Wapinzani wana hoja nzito pia. Peter van Inwagen mwaka 1983 alisema: kama kila tendo letu linatokana na sheria za maumbile na mambo yaliyotokea kabla hatujazaliwa, na hivyo vyote haviko mikononi mwetu, basi hata matendo hayako mikononi mwetu. Sioni jibu rahisi kwa hoja hiyo. Lakini anayedhani wanafalsafa wengi wameikana hiari anakosea. Katika uchunguzi mkubwa wa maoni yao wa mwaka 2020, karibu asilimia 59 walisema hiari na mfuatano wa sababu vinaweza kukaa pamoja. Waliosema hiari haipo kabisa walikuwa kama asilimia 11.

"Fizikia ya kisasa imeturudishia hiari"

Chembe ndogo kabisa za maada huenda kwa namna isiyotabirika, ni kweli. Lakini kama mkono wangu umekupiga kofi kwa sababu chembe fulani imeruka kwa bahati nasibu, hilo kofi limekuwa langu zaidi au limepungua kuwa langu? Bahati nasibu haimpi mtu usukani.

"Ajali haina kinga"

Tazama barabara ya mwendokasi pale Magomeni saa moja asubuhi. Bodaboda anaona foleni, anaingia njia ya mabasi kinyume na uelekeo, abiria nyuma hana kofia, simu iko begani imebanwa na shingo. Basi likitokea kwenye kona, nakubali kabisa kwamba katika sekunde ile hana la kufanya. Lakini lawama haisimami kwenye ile sekunde. Inarudi nyuma hadi pale alipokata usukani kuingia, na pale alikuwa na la kufanya. Sheria yetu inafikiri hivyo hivyo kuhusu pombe: kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu hakimpi kinga mtu aliyelewa kwa kutaka kwake. Kinampa nafasi, kwa mfano, yule aliyeleweshwa na mwingine kwa hila.

Kuna upande wa pili unaoniuma zaidi. Madereva wawili wanaingia njia ile ile, kwa uzembe ule ule. Mmoja anafika salama na anacheka. Mwingine anakutana na mtoto anayevuka kwenda shule. Tunamfunga huyu wa pili, na yule wa kwanza tunampa pesa yake ya nauli. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliandikia jambo hili mwaka 1976 na kuonyesha kwamba bahati inaingia kwenye hukumu zetu kuliko tunavyopenda kukiri. Naamini kabisa kwamba tunamwonea huruma kupita kiasi yule aliyefika salama.

"Teja ni mpuuzi wa kujitakia," na ndugu yake, "teja ni mgonjwa, hana kosa lolote"

Kauli hizi mbili zina kosa moja: zote zinadhani lawama ama ipo yote ama haipo. Uwajibikaji una viwango, na sheria inalijua hilo. Kifungu cha 15 cha Kanuni ile ile ya Adhabu kinasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba aliweza kujua hapaswi kufanya alichofanya. Kifungu cha 13 kinamwangalia mgonjwa wa akili asiyeelewa anachofanya. Kifungu cha 17 kinamwangalia aliyeshurutishwa na wenzake kwa tishio la kuuawa au kuumizwa vibaya, na kinakataa tishio la madhara ya baadaye.

Sasa mwangalie mtu mwenye arosto: mifupa inauma, anatapika, anaharisha, jasho baridi linamtoka. Kumwambia "acha tu" ni kutojua unachosema. Lakini nenda Muhimbili, ambako kliniki ya methadone, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilianza mwaka 2011, kabla ya Mwananyamala na Temeke kufuata. Mtu anaamka, anapanda daladala, anafika dirishani, anapewa dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, anainywa mbele ya mhudumu. Kesho anarudi tena. Huyo hana uhuru kamili mbele ya kete, wala si mtu anayesukumwa tu. Frankfurt, katika andiko lake la mwaka 1971, aliwatofautisha waraibu wawili wenye kiu ile ile: mmoja anaipenda kiu yake, mwingine anaichukia na angetaka isimwongoze. Nikiona foleni ya dirishani naona watu wa aina ya pili wakitafuta msaada ili walitakalo hasa liwe na nguvu. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana aliuangalia uhuru karibu na hapo: mtu huru ni yule anayefikika kwa hoja na maonyo ya kimaadili. Familia inayokata tamaa na kijana wake inapaswa kujiuliza kama bado anafikika, kabla ya kuuliza ni kosa la nani.

Kueleza chanzo cha tendo hakumfutii mtu lawama moja kwa moja. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mwanamume aliyeanza kuwatamani watoto kingono, akakutwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Ulipoondolewa, tamaa ziliisha. Uvimbe ulipoota tena, zikarudi. Kesi kama hiyo inapunguza lawama kwa sababu uvimbe ulivunja uwezo wake wa kujizuia. Kuwa na chanzo peke yake hakutoshi, maana kila tendo lina chanzo, hata la mtu mwema.

"Watu wakiacha kuamini hiari, mji utaharibika"

Utafiti wa mwaka 2008 ulidai kwamba waliosomeshwa maneno ya kukana hiari walidanganya zaidi kwenye mtihani. Ulisambaa sana. Uliporudiwa baadaye na watafiti wengine, hadi mwaka 2020, matokeo hayo hayakujitokeza. Na wanafalsafa wanaokana hiari hawasemi magereza yafunguliwe. Derk Pereboom anasema mtu hatari azuiwe kama anavyotengwa mgonjwa wa kuambukiza: kwa muda unaohitajika, bila kuteswa zaidi ya hapo, na asaidiwe abadilike. Mimi sikubaliani naye kwamba hakuna anayestahili lawama. Mwanafalsafa P. F. Strawson alinishawishi kwa andiko lake la mwaka 1962: hasira ya aliyedhulumiwa na shukrani ya aliyetendewa wema ni sehemu ya kuishi kama watu, hatuwezi kuzizima zote na tukabaki na undugu, ndoa au ujirani.

Lakini anayeamini hiari na anayeikana wanakubaliana pale kijana aliyekwapua simu Manzese anapozungukwa na watu wenye mawe na tairi. Hakuna atakayemuuliza ana miaka mingapi, nani alimtuma, au kama kweli ndiye. Katika nadharia zote nilizozitaja hapa, hakuna hata moja inayompa mtu ruhusa ya kuwasha kiberiti. Na aliyekiwasha, hata akija kusema alifuata mkumbo, alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma hatua moja na kuondoka.