Baridi inatoka chini: kulala wawili duveti moja kambini

Watu wa Dar wakija Dodoma mwezi wa saba huwa wananishangaa nikiwaambia wabebe mzula na soksi nzito, vichwani mwao huku ni jua na vumbi tu, halafu giza likiingia na ule upepo ukaanza ndo wanaelewa. Mjini tuko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kiangazi hakuna mawingu ya kuzuia joto la mchana lisipae, alfajiri inashuka mpaka digrii 13 hivi. Mkienda kulala mlima Hanang ndo usiseme, kila mita 1,000 mnazopanda toeni kama digrii 6.

Kazi yangu ni kupeleka watu kambini na swali ninaloulizwa sana na wanandoa ni hili, tununue duveti nzito kiasi gani ili tulale pamoja? Jibu langu halibadiliki: uzito siyo shida yenu ya kwanza. Shida iko chini yenu, na nyingine iko katikati yenu.

Hilo nililijua vizuri usiku mmoja Kolo, kule kwenye michoro ya miambani Kondoa, tukiwa mimi na mke wangu. Tulikuwa na duveti mbili nzuri tu, zote tumejifunika, chini tumeweka godoro la upepo. Saa tisa usiku akaniamsha, "Baba, mbavu zangu zinauma kwa baridi." Nikapitisha mkono chini yake, godoro la baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, ila upande wa juu, kwenye duveti, pako vizuri kabisa. Tukachomoa duveti moja tukaitandika chini, tukabaki na moja juu, na tukalala mpaka jua linatoka. Nguo zilezile, hema lilelile.

Sababu ni kwamba duveti yenyewe haitoi joto, kinachokukinga ni ile hewa iliyonaswa kwenye pamba yake. Ukiilalia inabonyea na hewa nyingi inatoka, ingawa inayobaki bado inasaidia kama usiku ule, na godoro la upepo tupu ndani hewa inazunguka tu, inachukua joto lako inalipeleka ardhini. Kwa hiyo anzeni chini: turubai, mkeka, halafu godoro la sponji, na hata likiwa jembamba nalipenda kuliko la upepo. Mkiwa na magodoro mawili ya mtu mmoja mmoja yafungeni kwa kamba au yavalisheni shuka moja la kubana, maana usiku yanaachana na mmoja wenu anajikuta kiuno kiko chini.

Sasa katikati. Watu wawili wakilala pamoja kweli wanapashana joto, ila mabega yenu mawili yanainua duveti kama paa na pale shingoni panabaki uwazi, kila mmoja akigeuka hewa ya moto inasukumwa nje na ya baridi inaingia. Chukueni khanga au sweta, ikunjeni, iwekeni hapo katikati ya shingo zenu. Ni kitu kidogo sana lakini mtaona tofauti usiku huohuo! Na duveti iwe pana, ile ya kitanda cha tano kwa sita mnayobanana nayo nyumbani huku haitoshi, tafuteni ya sita kwa sita au zaidi ili kila upande ibaki ya kuchomeka chini ya godoro. Upepo ukiwa mkali mimi napendelea kila mtu awe na blanketi lake jepesi ndani halafu duveti kubwa juu ya wote, mmoja akivuta mwenzake habaki wazi. Anayesikia baridi zaidi alale upande usiopigwa na upepo, msione aibu kuulizana.

Kabla ya kulala kuleni kitu, karanga zinafaa sana, nendeni haja ndogo, vaeni soksi kavu, siyo zile za kutwa nzima zina jasho. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvishwa soksi, wekeni miguuni.

Halafu jiko la mkaa, nawaomba sana, lisiingie hemani hata kama limebaki majivu mekundu tu. Ile hewa yake haina harufu wala rangi, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu na mtu anaondoka usingizini bila kushtuka, mnalala wawili na wote wawili hamuamki. Hapo sina mjadala na mgeni yeyote.

Zipu ya hema iacheni wazi kidogo juu, pumzi za watu wawili usiku kucha ni maji mengi, mkifunga kila kitu yanadondoka kwenye duveti, na pamba iliyolowa hainasi tena hewa. Asubuhi kabla hata ya chai toeni duveti, geuzeni upande wa ndani uwe nje, anikeni juani mpaka ikauke.