Kuugua Nako ni Kuomba

Wodini sisikii sana "niombee". Ninachosikia zaidi ni hiki: "Mchungaji, mimi hata kuomba siwezi tena." Husema hivyo wazee wa kanisa, husema hivyo walimu wa Shule ya Jumapili, watu ambao wakiwa wazima wangeomba nusu saa bila kumeza mate. Ugonjwa ukiingia, maumivu yakala usingizi, maneno hukauka. Kisha juu ya ugonjwa hupanda hatia: labda imani yangu imekwisha.

Nahudumu kama mchungaji wa wagonjwa hospitalini, na mtu wa namna hiyo mimi humsomea Warumi 8:26. Paulo anakiri kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Kuugua kwa Paulo ni kule kupiga kite kwa mtu aliyelemewa na mzigo. Ila sisi wa Kiswahili neno hilohilo ndilo la kuwa mgonjwa. Sijengi theolojia juu ya bahati ya lugha, lakini nimeona uso wa mgonjwa ukibadilika anapogundua kwamba ule mguno wake wa usiku wa manane una nafasi ndani ya Biblia, tena mahali panapozungumzia maombi.

Wengi tumefundishwa kuomba kwa adabu: shukrani kwanza, ombi baadaye, amina. Zaburi hazina adabu hiyo. Ya 13 inaanza na "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni lawama, na imewekwa kwenye kitabu cha ibada ili watu waiimbe. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa. Ya 88 haigeuki. Inaishia gizani, bila tumaini la kufungia. Siku moja niliisoma kitandani kwa mama mmoja aliyekuwa amechoshwa na wageni wa kumtia moyo. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe huyu naye alilazwa." Baada ya hapo akaomba mwenyewe, sentensi mbili tu.

Swali la pili huja kwa kunong'ona: nikimeza dawa, si nitakuwa nimepunguza imani? Hapo namleta Hezekia, mfalme wa Yuda aliyeugua. Aliposikia kwamba atakufa aligeuza uso ukutani, akaomba, akalia sana. Mungu akamwongezea miaka 15. Na nabii Isaya yuleyule aliyeleta jibu akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa ya kubandika ndani ya habari moja, wala hakuna aliyeona aibu. Nikisikia mhubiri amemwambia mtu aache vidonge vya kisukari au vya kifafa ili kuthibitisha imani, hasira hunipanda, nami siifichi. Anayefuata ushauri huo ndiye atakayelipa, mhubiri atakuwa ameshafika mkutano mwingine.

Na asipopona? Paulo aliomba mara 3 mwiba uondolewe mwilini mwake. Haukuondolewa, aliambiwa "Neema yangu yakutosha". Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto hali ni mgonjwa, na waraka unapita hapo bila kumlaumu mtu yeyote kwa imani haba. Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, akakinywa.

Mwaka 2006 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliowahusisha wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Kuombewa na watu wasiowafahamu hakukupunguza matatizo baada ya upasuaji. Na waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, asilimia 59, dhidi ya 52 ya walioombewa bila kuwa na hakika. Waamini wengine waliufadhaikia. Mimi haukunisumbua. Maombi si dozi ya kupima kwa miligramu, na Mungu si mashine ya kujaribiwa. Ila lile kundi la asilimia 59 limenifunza kuingia wodini polepole: kuna mgonjwa ambaye akiona mchungaji anakuja na Biblia, kwanza hujiuliza daktari amemficha nini.

Kwa hiyo ninyi mnaouguza, muulizeni kwanza: "Tuombe nini?" Msidhani mnajua. Kuna niliyemuuliza nikitarajia aseme uponyaji, akasema anataka kupatana na kaka yake. Ombeni kwa ufupi, kwa sauti ya chini, msimwekee mikono penye kidonda wala penye mrija. Asipoweza kusema, msimlazimishe kuitikia. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu 4 wakatoboa dari, na habari inasema Yesu aliiona imani yao, wale wabebaji. Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi alisema neno lolote.

Na kama hamna la kusema kabisa, marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kumwambia neno. Waliharibu walipofungua midomo.